Mume wa bibi hakuwa mtoro: askari wa ndege waliozuiliwa Uswisi

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, natunza wazee katika nyumba moja ya wazee huku Marekani. Ninaye bibi mmoja aliyevuka miaka mia. Marehemu mumewe alikuwa mpiga bunduki wa mkiani kwenye ndege kubwa ya mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Machi 1944 ndege yao ilitua Uswisi, naye akakaa huko mpaka vita vikakaribia kwisha. Bibi ana kasha la barua zake. Nyingi zina muhuri wa Adelboden, halafu kuna pengo: vuli ya 1944, karibu miezi mitatu, hakuna barua hata moja. Jumapili wakija kumtembelea, ndugu hubishana mbele yake. Mjukuu husema babu aliikimbia vita, akaenda kuteleza kwenye theluji huku wenzake wanakufa. Mjomba wake husema hapana, alikuwa mateka, na Waswisi waliomfunga walikuwa vibaraka wa Hitler. Wakiondoka bibi analia. Giza likiingia hunishika mkono akasema, 'Hakukimbia.' Mimi historia nimeishia kidato cha nne na haya sikufundishwa. Nchi isiyofungamana na upande wowote inawezaje kumfunga askari ambaye hajaikosea kitu? Na ni kweli walikuwa watoro? Nimwambie nini bibi?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu macho yangu yalikwama kwenye lile pengo la miezi mitatu kuliko kwenye ugomvi wa Jumapili. Nitalirudia kabla sijamaliza. Kwanza tuelewane juu ya maneno, maana mjukuu na mjomba wake wanagombana kwa kuwa kila mmoja ameshika neno lisilo lake.

Hata wewe umeshika moja. Umeandika "nchi isiyofungamana na upande wowote." Hilo ni neno letu la enzi za Mwalimu Nyerere, na ni neno la siasa. Tanzania haikufungamana na Washington wala Moscow, lakini haikukaa kimya na haikukunja mikono: wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi Kongwa na Nachingwea, wakifunzwa kupigana na Wareno. Hakuna aliyeona ajabu. Uswisi ya 1944 isingethubutu kufanya hivyo hata kwa siku moja. Msimamo wake haukuwa wa kisiasa, ulikuwa wa kisheria: nchi isiyo upande wowote katika vita vinavyoendelea, yenye haki yake na yenye sharti lake. Haki ni kwamba wanaopigana hawana ruhusa ya kukanyaga ardhi yako. Sharti ni kwamba nawe hutamsaidia yeyote kati yao kijeshi. Wanafunzi wangu miaka yote waliyachanganya mambo haya mawili, kwa hiyo usione haya.

Sasa fikiria majirani zako wawili wanakatana mapanga. Mmoja anakimbilia nyumbani kwako akivuja damu. Unaweza kumfungulia, na utu unakutaka umfungulie. Utamfunga jeraha, utampa maji. Lakini panga lake utalichukua, na mlango utaufunga mpaka ugomvi uishe. Ukimwacha apumzike, ale ashibe, kisha umtoe kwa mlango wa uani na panga lake mkononi, yule wa pili ana haki ya kusema kwamba nawe umo, na asubuhi atakuja kwako.

Sheria ilisema hivyo hivyo. Mkataba wa Tano wa The Hague wa mwaka 1907, kifungu cha 11, unaitaka nchi isiyo vitani iwazuie askari wa nchi zinazopigana watakaoingia kwake, na iwaweke mbali na uwanja wa vita kadiri inavyowezekana. Inaweza kuwaweka kambini, hata ngomeni. Maafisa inaweza kuwaacha wakitembea, wakiahidi kwa heshima yao kutotoka nchini bila ruhusa. Kifungu cha 12 kinaitaka iwape chakula, mavazi na huduma za kibinadamu, na gharama zirudishwe amani ikija. Mkataba huo uliandikwa kwa ajili ya vita vya nchi kavu, ndege za kivita zilikuwa bado hazijawa kitu. Ndege zilipokuja, nchi zilichukua kanuni ile ile zikaipeleka angani.

Kwa hiyo, kwa swali lako la kwanza: askari hakuzuiliwa kwa kosa alilofanya. Alizuiliwa kwa sababu alikuwa bado anaweza kupigana.

Na usidhani ni mambo ya Wazungu na theluji yao tu. Mwanzoni mwa 1916, Wajerumani waliposhindwa Kamerun, walivuka mpaka na maelfu ya askari wao Waafrika, wake na watoto humo humo, wakaingia Rio Muni iliyokuwa ya Hispania. Hispania haikuwa vitani. Iliwanyang'anya silaha ikawahamishia kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko. Huku kwetu von Lettow, kamanda wa Kijerumani, alivuka Ruvuma Novemba 1917 na hakuna aliyemzuia kwa mkataba wowote, kwa kuwa Wareno walikuwa wameshaingia vitani mwaka uliotangulia. Walipokutana Ngomano walipigana. Mto ule ule, askari wale wale, lakini kama Lisbon ingekuwa imebaki nje ya vita, kisheria askari wetu wangesubiri amani kambini Msumbiji. Nimepotea njia kidogo, turudi.

Kuna watu wa aina tatu hapa. Mateka ni askari aliyekamatwa na adui. Mzuiliwa ni askari aliyeingia na silaha au ndege yake katika nchi isiyo vitani. Halafu kuna mtorokaji: kwa mfano rubani aliyeruka kwa parachuti Ufaransa, wanakijiji wakamficha, akatembea usiku hadi akavuka mpaka kwa miguu. Wa namna hiyo walihesabiwa kwenye kundi la kifungu cha 13, la mateka waliotoroka, ambao huachwa huru. Kwa hiyo watu wawili wa ndege moja wangeweza kukutana barabarani Uswisi, mmoja huru na mwingine mzuiliwa, tofauti yao ni namna walivyoingia tu. Uhuru wenyewe, hata hivyo, ulikuwa wa jina. Tangu Novemba 1942, Wajerumani walipoikalia na Ufaransa ya kusini, Uswisi ilizungukwa pande zote. Ungekwenda wapi?

Mume wa bibi, kwa maelezo yako, alikuwa mzuiliwa. Mjomba amekosea kumwita mateka kisheria, ingawa nitaeleza mbele kwa nini huenda hajakosea sana.

Sasa la mjukuu.

Machi 1944 unayoitaja ni kipindi ambacho ndege za Marekani kutoka Uingereza zilikuwa zinapiga viwanda vya kusini mwa Ujerumani. Tarehe 18 mwezi huo lengo mojawapo lilikuwa Friedrichshafen. Fungua ramani kwenye simu yako uutazame mji huo. Upo ukingoni mwa ziwa Bodensee, na ng'ambo ya ziwa ni Uswisi. Pale upana wa maji hauzidi kilomita 14. Siku hiyo pekee ndege kubwa 16 za Marekani zilitua Uswisi.

Jiweke kwenye kiti cha rubani. Mko watu kumi, mita elfu kadhaa juu, baridi inayogandisha jasho ndani ya glavu. Injini moja imepigwa na panga boi lake linazunguka ovyo, linavuta ndege upande. Ya pili inamwaga mafuta. Mmeshindwa kwenda na mwendo wa wenzenu, na ndege iliyoachwa na kundi ndiyo inayowindwa. Uingereza iko kiasi cha kilomita 800, kwa mwendo wenu wa sasa ni zaidi ya saa tatu juu ya nchi ya adui. Ziwa liko chini ya bawa. Uswisi ni dakika chache. Mwenzenu mmoja ana tundu pajani na damu haikomi. Unafanya nini?

Wengi walifyatua fataki nyekundu na kuteremsha magurudumu, ishara ya kwamba hatupigani. Ndege ndogo za Uswisi zilikuja pembeni, zikatikisa mabawa na kuwaongoza hadi uwanja wa Dübendorf karibu na Zürich. Hapo palikuwa na mkanganyiko wa kutisha, kwa sababu ndege hizo za Uswisi nyingine zilikuwa Messerschmitt, zilizonunuliwa Ujerumani kabla mambo hayajaharibika. Mpiga bunduki wa mkiani, ambaye ndiye anayeona kila kinachokuja nyuma, anaona umbo lile lile la ndege zilizomuua rafiki yake juzi. Hadi aone msalaba mweupe kwenye bawa, kidole kiko kwenye kifyatulio. Wakitua, askari wa chini wenye sare za rangi ya majivu na kofia za chuma wanaizunguka ndege, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyejua kwa uhakika kama ile ni Uswisi au Ujerumani.

Maneno ya mjukuu si mapya. Mwaka 1944 balozi mdogo wa Marekani katika mji wa Göteborg, Sweden, alipeleka taarifa kwamba baadhi ya wanajeshi wa ndege wanatua huko makusudi ili wapumzike na vita. Makao makuu ya jeshi la anga Washington yakashtuka, yakawauliza makamanda Uingereza. Jenerali Spaatz, aliyekuwa na watu hao chini yake, alichukia kuulizwa. Uchunguzi ukafanywa, wazuiliwa wakahojiwa, na baada ya vita ndege zenyewe zikakaguliwa pale zilipokuwa zimeegeshwa. Karibu zote zilikutwa na matundu, injini zilizokufa au matanki makavu. Sitakuapia kwamba hapakuwa na hata mmoja aliyechoka akageuza usukani. Kati ya wanaume zaidi ya 1,500 walioingia Uswisi kwa ndege 166, nani awezaye kuapa? Lakini hilo la "watoro" liliulizwa wakati ule ule na wakubwa waliokuwa na kila sababu ya kutafuta wa kumwadhibu, na hawakumpata.

Na jambo moja mjukuu hajaliwaza. Mpiga bunduki wa mkiani haendeshi ndege. Amekaa peke yake kwenye kitundu nyuma kabisa, amepiga magoti karibu, anaangalia wanakotoka. Aamuaye pa kutua ni rubani. Hata kama ungekuwapo utoro, usingekuwa wake.

La kuteleza kwenye theluji ni kweli nusu. Adelboden ni kijiji cha milimani kilichoishi kwa watalii, na vita vilipoondoa watalii hoteli zilibaki tupu. Uswisi ikawaweka humo. Wamarekani wakaiita kambi yao Camp Moloney, kwa jina la mwenzao aliyefariki. Huenda ukaliona jina hilo kwenye barua za bibi. Baadaye zikafunguliwa nyingine Davos na Wengen. Wengine walijifunza kuteleza kwenye theluji, na picha zipo, huenda ndizo mjukuu alizoziona. Ambacho picha haionyeshi ni kwamba hoteli ile haikuwa na makaa ya kuipasha joto, kwa kuwa makaa yalitoka Ujerumani na yalipimwa kwa kijiko. Chakula kilikuwa cha mgawo kama cha Waswisi wenyewe: mkate mweusi, viazi, supu. Kuna kuhesabiwa, kuna saa ya kuwa ndani, na hakuna kazi. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wapolandi waliozuiliwa Uswisi tangu 1940 walipewa jembe kweli, wakajenga barabara na madaraja ambayo mengine yapo mpaka leo. Wamarekani hawakupewa. Kijana wa miaka ishirini na moja anakaa dirishani mwaka mzima, na kukiwa na anga safi anasikia mngurumo wa ndege za wenzake zikienda kazini. Walioandika juu ya maisha hayo walilalamikia uchovu wa kukaa bure kuliko baridi.

Kwa upande wa mjomba: Waswisi walikuwa vibaraka? Hapana, ingawa hasira yake haikuanguka kutoka mbinguni. Benki za Uswisi zilinunua dhahabu ya Ujerumani, na viwanda vyake viliiuzia Ujerumani silaha. Hayo yameandikwa na Waswisi wenyewe. Lakini kwenye suala la anga, bunduki zao hazikuchagua. Mei na Juni 1940 marubani wa Uswisi waliangusha ndege kadhaa za Ujerumani zilizovuka mpaka, Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, akafura. Aprili 1944 waliipiga B-17, ndege kubwa ya mabomu ya Marekani, iliyokuwa imejeruhiwa tayari, ikaanguka kwenye ziwa Greifensee na wengi wa waliokuwamo wakafa. Mwezi huo huo mabomu ya Marekani yaliangukia mji wa Uswisi wa Schaffhausen kwa makosa, watu 40 wakafa. Hakuna aliyekuwa na raha na mwenzake.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jinsi walivyopima mambo kwa mizani ya duka la dhahabu. Mwishoni mwa Aprili 1944, ndege ya Kijerumani ya kupigana usiku, yenye rada mpya na bunduki zilizoelekezwa juu, ilitua Dübendorf kwa kupotea na kuharibika. Wajerumani walipagawa, kwani Waingereza wangelipa chochote kuiona. Mapatano yakafanywa: Uswisi iliichoma moto ndege ile mbele ya mashahidi wa Kijerumani, na Ujerumani ikakubali kuiuzia Uswisi Messerschmitt 12. Uswisi ikapata ndege za kulinda anga yake, siri ikabaki siri, na kisheria hakuna aliyesaidiwa. Unaweza kuuita ujanja. Mimi nauita ustadi wa mtu mdogo anayeishi kati ya vishindo viwili.

Nchi nyingine zilipima kwa namna yake. Sweden iliwaachia Wamarekani mia kadhaa, na yenyewe ikapewa B-17 kadhaa ambazo kampuni yake ya SAAB ilizigeuza kuwa ndege za abiria. Urusi ilikuwa vitani na Ujerumani lakini si na Japani, kwa hiyo ndege za Marekani zilizotoka kuipiga Japani na kutua karibu na Vladivostok zilizuiliwa na rafiki. Watu wao walivushwa kimyakimya kuelekea Iran. Ndege tatu kubwa za mabomu aina ya B-29 hazikurudi. Warusi walizifungua msumari kwa msumari wakatengeneza yao, Tu-4.

Lakini nchi inayonifurahisha ni Ireland, na nakupa kisa chake kwa sababu kinaeleza lile neno "ahadi" la kifungu cha 11 kuliko mhadhara wowote. Kambi ya Curragh, jimbo la Kildare, iliwaweka Waingereza na Wajerumani jirani, uzio katikati. Mchana walitoka. Mlangoni kulikuwa na karatasi: unatia sahihi kwamba utarudi na hutatumia matembezi haya kutoroka, kisha unachukua baiskeli unakwenda baa au kwenye mbio za farasi. Ukirudi, ahadi inafutwa, na kuanzia hapo una haki ya kujaribu kutoroka kwa kuruka uzio. Novemba 30, 1941, Roland Wolfe, Mmarekani aliyekuwa jeshi la anga la Uingereza, injini ya ndege yake ya kivita, Spitfire, ilizimika juu ya Donegal, Ireland, akaruka. Wiki mbili baadaye alitia sahihi, akatoka, kisha akarudi haraka akisema amesahau glavu. Akatoka tena bila kutia sahihi upya. Kwa hesabu yake ahadi ilikwisha aliporudi kuchukua glavu. Alikula chakula cha jioni Dublin, akapanda treni hadi Belfast, upande uliokuwa chini ya Uingereza, akaripoti kwa Waingereza akiwa na tabasamu. Waingereza wakamrudisha Curragh. Walipima: mmoja kuvunja ahadi kungewafungia mlango wenzake wote, na kungeitikisa Ireland ambayo waliihitaji itulie. Wolfe alikaa kambini hadi 1943. Mwaka 2011 ndege yake ilichimbuliwa kwenye matope ya Donegal, bunduki zikasafishwa, na moja ikafyatua risasi.

Kanuni yenyewe haijafa. Juni 1982, wakati wa vita vya Falklands kati ya Uingereza na Argentina, ndege ya mabomu ya Uingereza, Vulcan, iliishiwa mafuta ikatua Rio de Janeiro. Brazil iliwaweka marubani wake siku chache kwa heshima, ikawaachia na ndege, na kombora lao moja ikabaki nalo.

Sasa nirudi kwenye kasha la bibi.

Agosti 1944 majeshi ya Marekani yalitua kusini mwa Ufaransa na kabla mwezi haujaisha yalikuwa yamefika karibu na mpaka wa Uswisi. Ghafla, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na mahali pa kukimbilia. Wazuiliwa walianza kutoroka kwa makumi, kisha kwa mamia: kwa treni wakiwa wamevaa koti la raia, kwa miguu msituni, wakisaidiwa na Waswisi wenye huruma. Waliofanikiwa walirudi jeshini. Waliokamatwa wengi walipelekwa Wauwilermoos, jimbo la Lucerne.

Hapo si hoteli. Ilikuwa kambi ya adhabu: mabanda ya mbao yaliyozungukwa na seng'enge na mbwa, kulala kwenye majani yenye chawa, matope, supu nyepesi. Wengine walikaa humo majuma mengi, hata miezi, wakisubiri kesi. Mkataba wa Geneva wa 1929 uliweka siku 30 kuwa kikomo cha adhabu ya kinidhamu kwa mateka aliyejaribu kutoroka, lakini ulizungumza juu ya mateka. Mzuiliwa alianguka katikati ya viti viwili, na ndiyo maana mkataba wa Geneva wa 1949 ulikuja kusema wazi kwamba mzuiliwa asitendewe vibaya kuliko mateka. Mkuu wa kambi ile alikuwa Kapteni André Béguin, mtu aliyewapenda Wanazi. Mwaka 1946 mahakama ya kijeshi ya Uswisi ilimtia hatiani na kumfunga. Ndiyo sababu nikasema mjomba hajakosea sana: kama babu alipitia mikono ile, alikutana na kibaraka mmoja kwelikweli, ingawa nchi nzima haikuwa hivyo.

Kijana aliyeandika barua nyingi hivyo anaponyamaza miezi mitatu vuli ya 1944, mimi nafikiria mambo mawili kabla ya mengine. Ama alitoroka akafanikiwa, akawa safarini na chini ya amri ya kutosema alipopita. Lakini wewe umesema alikaa Uswisi hadi karibu na mwisho. Ama alitoroka akakamatwa. Yanaweza kuwapo maelezo mengine, ugonjwa, barua kupotea, kwa hiyo usimpelekee bibi jambo hili kama habari iliyothibitishwa. Lakini kama ni hilo la pili, basi aliyeitwa mtoro Jumapili zote hizo ni mtu aliyeacha kitanda cha hoteli akahatarisha maisha ili arudi vitani.

Lina uzito mwingine. Marekani ilianzisha medali ya mateka wa vita mwaka 1985, na waliozuiliwa katika nchi zisizo vitani hawakuhesabiwa. Mjukuu wa mmoja wa waliofungwa Wauwilermoos, Dwight Mears, afisa aliyefundisha historia katika chuo cha kijeshi cha West Point, alipekua nyaraka miaka kadhaa akisukuma jambo hili. Sheria ikabadilishwa mwanzoni mwa 2013, na Aprili 2014 wanaume 143 waliopitia kambi ile walitunukiwa medali, wengi wao wakiwa wameshafariki. Ilianza na mjukuu aliyeuliza swali, kama huyu wenu anayebishana, isipokuwa yule alikwenda kufungua majalada.

Kwa hiyo mwambie mjukuu aache kubishana akaandike barua. Kumbukumbu za utumishi wa babu ziko St. Louis, Missouri, na kama imepita miaka 62 tangu atoke jeshini, yeyote anaweza kuziomba, mjukuu naye. Mwonye mapema: moto wa Julai 1973 uliteketeza sehemu kubwa ya majalada ya jeshi, na la babu linaweza kuwa mojawapo. Likiwa limeungua, safari haijaisha. Kila ndege iliyopotea iliandikiwa taarifa na kikosi chake, nazo zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Marekani. Anahitaji jina la babu na tarehe. Na Uswisi, ambayo haitupi karatasi, ina majalada ya wazuiliwa kwenye nyaraka zake za taifa mjini Bern. Kwa medali au haki yoyote ya mjane asijazie fomu kwenye mtandao kwa kubahatisha wala asimlipe mtu: karibu kila kaunti huko ina ofisi ya wanajeshi wastaafu yenye mtu wa kukaa naye mezani bure. Aende na kasha.

Aende yeye, si wewe. Najua moyo wako, lakini wewe ni mwajiriwa pale. Usizipige picha barua za bibi, usizitoe chumbani, na hata jina lake umefanya vizuri kutonitajia. Na kilio cha jioni kitaje kwa nesi wa zamu. Wazee wengi huchafuka roho giza likiingia, na inaweza kuwa zaidi ya huzuni ya kumbukumbu. Hilo linataka mtu wa kumwona ana kwa ana, mimi siliwezi kwa maandishi. Mweleze pia msimamizi kwamba ule ubishi wa Jumapili unamuumiza. Ndugu wanaweza kuombwa wakabishane nje.

Bibi mwenyewe mwambie kwa ufupi, kwa sauti ya kawaida: ndege iliumia, rubani akatua palipokuwa karibu, na sheria ikawataka Waswisi wamshike. Watu walichunguza zamani na hawakumwona mtoro. Usiongeze Wauwilermoos. Msikilize kwanza. Akiwa na utulivu, muulize kama mumewe aliwahi kusimulia juu ya kulala kwenye majani, na kama yupo radhi mkae pamoja mziangalie zile bahasha. Ya kwanza baada ya lile pengo ndiyo mtakayoanza nayo: soma muhuri, uone kama bado umeandikwa Adelboden.